Bomba Litapita Shamba la Nani?
Mwongozo kwa anayejitolea katika miradi ya vijiji, Nakuru na kati mwa Bonde la Ufa

Ukijitolea kusaidia kijiji kupata maji, josho au miche ya miti, usidhani umekuja na jambo lisilo na ugomvi. Umekuja na mali. Tenki likiwekwa upande huu wa barabara, halikuwekwa upande ule, na upande ule una watu wenye macho na kumbukumbu. Kwa hiyo hatuanzi na namna ya kupatanisha waliokwisha kugombana. Tunaanza na mradi wenyewe, kwa sababu huko ndiko mjitoleaji ana uwezo wa kweli. Kesi ya ardhi ya miaka sitini hutaimaliza kwa mkutano mmoja. Lakini mahali pa kuweka mfereji, orodha ya vibarua na nani atashika ufunguo wa kioski, hayo wewe na kamati mnaweza kuyapanga vizuri au kuyaharibu.

KWA NINI HAPA TAHADHARI INAHITAJIKA ZAIDI

Ardhi ya Nakuru imepita mikono mingi. Wakati wa ukoloni sehemu kubwa ilitengewa walowezi wa Kizungu. Huko Olenguruone serikali ya kikoloni iliwapa Wakikuyu makao mwanzoni mwa miaka ya 1940, na kufikia 1950 ilikuwa imewafukuza. Baada ya Uhuru zikaja skimu za makazi na kampuni za kununua mashamba, kama Ngwataniro. Hata jina la Ndeffo, kule Njoro, ni kifupisho cha jina la Kiingereza la chama cha waliokuwa wapigania uhuru wa Wilaya ya Nakuru. Kisha msitu wa Mau ya Mashariki ukakatwa vipande kwa ajili ya makazi. Waogiek, ambao msitu ule ulikuwa nyumba yao, walipeleka malalamiko yao hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, na Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia.

Kwa hiyo kijijini utakuta watu wanne wenye hoja nne juu ya kipande kimoja: mmoja ana hatimiliki, mwingine ana barua ya kugawiwa, wa tatu ana cheti cha hisa cha kampuni iliyokwisha kufa, na wa nne ana makaburi ya babu zake. Usipoteze muda kutafuta nani mwongo. Huenda hakuna.

Juu ya hayo kuna damu. Mapigano ya 1992, ya 1997 na mapema 1998, na yale ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaligusa Molo, Njoro, Olenguruone, mji wa Nakuru na Naivasha. Katika awamu ile ya mwisho zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Mama unayemwomba atoe njia ya bomba huenda alikimbia shamba hilohilo usiku, na anajua jirani yupi alimficha na yupi alimwonyesha kidole.

Mfano unaomhusu mjitoleaji moja kwa moja ni wa Mai Mahiu, Januari 2005. Wafugaji wa Kimaasai walilalamika kwamba maji ya mto Ewaso Kedong yanageuzwa juu kwenda kumwagilia mashamba, na mifugo wao chini wanabaki na mchanga. Lilikuwa jambo la mabomba na mgao. Liliishia kwa watu kuuawa na familia nyingi kukimbia makwao, na likawa moja kwa moja vita vya Wamaasai na Wakikuyu. Ukipanga bomba, kumbuka Ewaso Kedong: mgogoro wa maji hauhitaji muda mrefu kugeuka wa kabila.

JITAZAME KWANZA

Kabla hujafungua kinywa, watu wamekwisha kukuweka upande. Jina lako la pili limewaambia. Jibu maswali haya kwa ukweli, ukiwa peke yako:

☐ Nalala kwa nani, na nakula kwa nani?
☐ Nasali wapi, na mchungaji au padre huyo ni wa watu gani?
☐ Simu ikilia nazungumza lugha gani mbele za watu?
☐ Nani alinitambulisha hapa? Anataka kiti gani katika uchaguzi wa 2027?
☐ Bodaboda inayonibeba kila siku ni ya nani?

Huwezi kubadilisha jina, wala si aibu kuwa na kabila. Unachoweza ni kusawazisha. Ukinywa chai upande mmoja Jumatatu, Jumatano vuka barabara. Mikutano yote iendeshwe kwa Kiswahili. Asiyekielewa atafsiriwe kwa sauti, wote wasikie. Mnong'ono wa lugha ya mama katikati ya mkutano umevunja kamati nyingi kuliko wizi wa pesa.

HATUA KABLA YA JEMBE LA KWANZA

1. Jitambulishe kwa utaratibu. Anza kwa mzee wa kijiji, kisha naibu wa chifu, kisha chifu. Mjulishe pia mwakilishi wadi, lakini usimwachie akuzungushe yeye mwenyewe. Mikutano ya hadhara kisheria hutolewa taarifa kwa polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Njia nyepesi ni kuomba nafasi kwenye baraza la chifu.

2. Tembea kijiji kwa miguu, mara mbili, na watu wawili tofauti. Mmoja awe wa juu ya mto na mwingine wa chini, au mmoja mkulima na mwingine mfugaji. Waulize wote maswali yaleyale. Pale ambapo majibu yao hayalingani ndipo pa kuchimbua zaidi. Usianze na "mna shida gani na wale?" Uliza mambo ya kila siku: "Mama, maji mnachota saa ngapi? Kiangazi mnachota wapi? Mkifika huko mnapanga foleni na nani?" Akina mama wanaochota maji wanajua siasa za kijiji kwa usahihi ambao kamati ya wazee haina, kwa sababu wao ndio wanaosimama kwenye foleni.

3. Chora ramani, kisha uiulize maswali. Weka mito, njia za mifugo, mashamba, shule, makanisa, na maboma yaliyowahi kuchomwa. Halafu kwa kila mahali panapopendekezwa uliza: nani atafika karibu zaidi? Nani atatembea mbali zaidi kuliko sasa? Nani atakosa alichonacho leo, kama malisho, kivuko au njia ya mkato? Huyo wa mwisho ndiye wa kumtembelea kwanza. Wajitoleaji wengi humfuata anayefaidi, maana huyo ndiye anayekaribisha chai.

4. Unda kamati inayofanana na kijiji. Katiba inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Lifuate hilo hata katika kikundi kidogo. Lakini usiishie kwa wanaume, wanawake na makabila. Tafuta wapangaji na waliokodi mashamba. Tafuta vijana wa bodaboda. Tafuta waliohamia baada ya 2008. Hawa ndio husema baadaye, "hatukuulizwa," na wanasema kweli.

5. Pata ruhusa ya ardhi kwa maandishi. Mwenye shamba akisema "pitisheni tu," mshukuru, kisha andikeni: upana wa njia, kina cha mtaro, nani atarekebisha bomba likipasuka, na ikiwa mwanawe akirithi makubaliano yatasimama. Mkewe atie sahihi pia. Shahidi mmoja atoke upande wa pili wa kijiji. Kama ardhi ina kesi, hamisha mradi. Usijenge juu ya kesi hata kama wote wawili wanakubali, kwa sababu atakayeshinda atadai tenki ni lake.

6. Soma vipimo hadharani. Jambo hili nitalikalia kidogo, kwa sababu huku kwetu lina uzito wake. Maji mengi ya visima virefu vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Ndiyo inayoacha meno ya watoto yakiwa ya kahawia, na ikizidi kwa miaka huathiri mifupa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sasa fikiria: kijiji kimekubaliana kisima kiwe karibu na kanisa la upande wa mashariki, vipimo vinakuja, floraidi imepita kiasi, fundi anahamishia upande wa magharibi. Kwa fundi ni kemia. Kwa watu wa mashariki ni wizi, hasa ikiwa fundi na watu wa magharibi wanaitana kwa lugha moja. Kwa hiyo kabla ya kupima, tangazeni barazani: tutapima mahali papi, nani atabeba chupa za sampuli, na kiasi gani kikizidi tutahama. Mtu mmoja kutoka kila upande aende na sampuli maabara. Matokeo yasomwe barazani na karatasi ibandikwe ofisini kwa chifu. Mkishindwa kupata maji mazuri popote, kuna njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa, ambayo Jimbo Katoliki la Nakuru limeifanyia kazi kwa miaka mingi.

7. Gawa vibarua kwa kura. Ugomvi mwingi wa mradi hauji wakati wa kufungua mfereji. Unakuja wiki ya kuchimba mtaro, pesa za mkono zinapoonekana. Gawa mtaro kwa mita, si kwa siku. Majina yaandikwe, yatiwe kwenye kofia, mtoto wa shule avute. Malipo yaende kwa simu siku ileile, na orodha ya waliolipwa ibandikwe. Msimamizi asitoe kazi kwa mdomo hata kwa mtu mmoja, hata kwa yatima. Kama kijiji kinataka kumsaidia yatima, kitenge mita zake mbele ya wote.

8. Fuata vibali. Anayechimba kisima au kugeuza maji ya mto anahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tena, Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama vya watumiaji wa maji kuwa vyombo vya kusimamia maji kwa pamoja na kutatua migogoro yake. Kama mto wenu una chama, kiingieni. Kama hakipo, kuunda kimoja kunaweza kuwa mradi bora kuliko tenki.

NANI ANASHUGHULIKIA NINI

Mpaka wa shamba, jirani kwa jirani: wazee na chifu kwanza, kisha msajili na mpimaji wa ardhi; ikishindikana, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Nakuru.
Dhuluma za ardhi za zamani: Tume ya Taifa ya Ardhi. Si wewe.
Mgao wa mto: chama cha watumiaji wa maji, kisha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.
Msitu, malisho na kuni za Mau: chama cha jamii cha msitu pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya.
Mifugo kuharibu mazao: wazee wa pande mbili, afisa wa kilimo wa wadi akipima hasara.
Wizi wa mifugo, vitisho, silaha: polisi na chifu, mara moja.
Matamshi ya chuki: polisi na Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC.

UGOMVI UKIZUKA

Tuseme ng'ombe wameingia kwenye mahindi usiku, mwenye shamba amemfunga fahali mmoja, na vijana wa wafugaji wanakusanyika. Umepigiwa simu.

1. Usiende peke yako, wala usiende na watu wa upande mmoja. Mpigie chifu au naibu wake, kisha mzee mmoja wa kila upande. Kama kuna rungu, panga au mshale, mpigie polisi (999 au 112) na ukae mbali. Ujasiri wa mjitoleaji asiye na mafunzo huongeza majeruhi tu.

2. Tenganisha watu na kitu. Fahali apelekwe mahali pa mtu wa tatu anayeaminiwa na wote. Mahindi yapigwe picha kabla hayajaguswa.

3. Sikiliza kila upande kivyake, na usibebe maneno. Anza hivi: "Mzee, nimekuja kusikiliza. Sikuja kuamua." Uliza kilichotokea usiku ule. Mtu akianza na "hawa watu siku zote...", mrudishe polepole: "Na jana usiku, mzee, uliona nini?" Kosa la watu watatu likibaki la watu watatu, kijiji kinaweza kulibeba.

4. Waache wanaoheshimiwa waongoze. Kazi yako ni kuandika, kutafuta mahali pa kukaa na kuhakikisha vijana na akina mama wameketi ndani. Kanuni hiyo ina ushahidi wake hapa Nakuru: wazee wa Kikuyu na wa Kalenjin walizungumza kwa zaidi ya mwaka, na Agosti 2012 wakatia sahihi mkataba wa amani wa kaunti. Wapo wanaosema utulivu wa uchaguzi wa 2013 katika Bonde la Ufa ulitokana na vigogo wawili wa siasa kuungana katika tiketi moja. Nadhani wana hoja. Hata hivyo mazungumzo ya aina ile huwapa machifu na kamati za amani watu wa kuwapigia simu upande wa pili, na hilo lina thamani zaidi kuliko karatasi yenyewe. Mkataba ule ulikosa vijana wa kutosha mezani. Usirudie hilo.

5. Andikeni makubaliano madogo. Nani atamlipa nani, kiasi gani, lini, na nani atashuhudia. Malipo yaende kwa simu ili yabaki na rekodi. Msiandike "jamii hii itaacha kufanya vile". Hakuna mtu anayeweza kulitimiza. Makubaliano yasomwe barazani.

6. Rudi baada ya wiki. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Ulizia fidia, ulizia fahali, na utazame kama watoto wa pande mbili bado wanapita njia moja kwenda shule. Watoto wakibadilisha njia, jambo halijaisha.

YASIYOPATANISHWA CHINI YA MTI

Katiba ya 2010, Ibara ya 159, inahimiza upatanisho na njia za kijadi za kutatua migogoro. Ibara hiyohiyo inakataza njia hizo zitumike kuvunja haki za mtu. Ubakaji, unajisi wa mtoto, kujeruhi na mauaji si mambo ya mbuzi wawili na sufuria ya chai. Ukisikia wazee wanaketi kuamua kesi ya mtoto aliyenajisiwa, usiketi nao. Mtoto apelekwe hospitali haraka, kabla ya kuoga wala kufuliwa nguo, na polisi wajulishwe. Nambari za bure: 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa watoto. Utaambiwa unavunja amani ya kijiji. Kubali kuambiwa hivyo.

UVUMI

Ujumbe wa WhatsApp unasema "wamevuka, wanakuja." Usiusambaze, hata kwa kuuliza "ni kweli?", kwa sababu kuuliza kwenye kundi la watu mia mbili ni kuusambaza. Mpigie mtu mmoja aliyepo mahali panapotajwa, na mwingine wa upande wa pili. Kama ni uongo, mwombe mtu wa upande unaotuhumiwa na mtu wa upande unaoogopa wakanushe pamoja kwa sauti zao. Kama ni kweli, peleka kwa chifu na polisi, si kwenye kundi. Tafuta namba za watu hao leo, wakati wa utulivu. Usiku wa moto hakuna anayetoa namba kwa mgeni.

MAKOSA YA KAWAIDA

Kuandika "wenyeji" na "wageni" kwenye kumbukumbu za mkutano. Andika majina ya mitaa. Maneno kama "madoadoa", neno ambalo NCIC iliweka mwaka 2022 kwenye orodha ya maneno ya chuki, yakitamkwa mkutanoni mwenyekiti ayakatize papo hapo.

Kulipa posho ya kikao kwa wazee na kuwaacha akina mama waliopika na kusubiri. Ama wote ama hakuna.

Kuahidi. "Nitaona" kijijini husikika kama "nitaleta".

Kumfuata mwizi wa ng'ombe pamoja na vijana kwa sababu unataka kuonekana ni mwenzao. Nyayo za ng'ombe hupotea kwenye boma la mtu, na kabla ya kupambazuka boma hilo linaweza kuwa linawaka.

Kuzindua mradi wakati wa kampeni. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Kuanzia mapema mwaka huo kila mfereji utakuwa na mgombea wa kuufungua, na asiyempigia kura ataona aibu au hofu kuchota hapo. Fungueni kabla, au subirini. Jiwe la uzinduzi liandikwe jina la kijiji tu.

KABLA YA KUFUNGUA MAJI

☐ Kila aliyetoa njia ana nakala ya makubaliano.
☐ Bei ya mtungi imekubaliwa barazani na imeandikwa ukutani.
☐ Mifugo wana birika lao mbali na mfereji wa watu.
☐ Saa za kuchota na za kunywesha hazigongani.
☐ Akaunti ina watia sahihi watatu, wasiotoka ukoo mmoja.
☐ Funguo ziko mbili, pande mbili.
☐ Kikundi kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022.
☐ Inajulikana nani ataamua maji yakipungua kiangazi, na nani atakatiwa kwanza.

Hilo la mwisho ndilo gumu, na kamati nyingi huliahirisha kwa kuwa mvua inanyesha. Lijadiliwe wakati huo wa mvua. Njia inayofanya kazi ni kupanga ngazi: maji ya kunywa nyumbani, shuleni na zahanatini kwanza, kisha mifugo, kisha bustani, halafu mashamba ya kuuza. Kila ngazi iwe na alama yake kwenye tenki, mstari wa rangi unaoonekana kutoka nje, ili Februari maji yakishuka chini ya mstari mhudumu wa kioski afunge bomba la umwagiliaji bila kumpigia mwenyekiti, wala kuulizwa ni mtoto wa nani.